Kujaribu Matone ya Macho Makavu: Mwongozo Kamili wa Kujua Yapi Yanakufaa

Vichupa vitatu au vinne, vyote vimetumika robo, na mwenye navyo anasema hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Hali hiyo naikuta mara kwa mara kwenye duka la miwani ninakofanya kazi hapa Kisumu, na wasomaji wa Nakuru, Kakamega na Busia wananiandikia habari ile ile. Ukimuuliza mtu alitumiaje, utasikia alitia siku macho yalipomchoma, kesho yake akasahau, siku ya nne akanunua dawa nyingine kwa sababu jirani aliisifu. Kwa mwendo huo hata dawa nzuri itaonekana mbaya, na ile isiyofaa itasifiwa kwa sababu tu mvua ilinyesha na vumbi likatulia.

Utaratibu ulio hapa chini ni wa kujaribu matone ya kulainisha macho, yale yanayoitwa pia machozi bandia, dawa moja baada ya nyingine, mpaka upate jibu la kuaminika. Unachukua miezi miwili na zaidi kidogo. Ni muda mrefu, najua, lakini kuna watu wameshamaliza miaka miwili wakinunua vichupa kwa kubahatisha.

## Kwanza: nani asijaribu peke yake

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye macho yake yanachoma au yanakwaruza kwa muda mrefu, yote mawili, bila dalili za hatari. Usianze jaribio, nenda kliniki ya macho, ikiwa:

- jicho linauma kwelikweli, au mwanga unakutesa;
- uwezo wa kuona umepungua ghafla;
- jicho moja tu limekuwa jekundu, linatoa usaha, au lina doa jeupe kwenye kioo chake;
- ulichapwa jichoni na jani la mahindi au la muwa (kuvu huingia kwenye kidonda kidogo kabisa, na kidonda cha namna hiyo hakisubiri);
- ulifanyiwa upasuaji wa macho hivi karibuni, unatumia dawa za presha ya macho, au unavaa lenzi za kubandika.

Mtoto pia asijaribiwe nyumbani.

Kuna kundi jingine linalopotea njia mapema. Kama shida yako kubwa ni kuwashwa, kiasi kwamba unasugua macho hadi yanavimba, huenda ni mzio na si ukavu. Machozi bandia yatasuuza kidogo tu. Ukavu huchoma na kukwaruza kana kwamba kuna mchanga ndani. Pia, jambo linalowashangaza wengi, hutoa machozi: uso wa jicho ukikauka, jicho hujitetea kwa kumwaga maji mengi kwa ghafla. Kwa hiyo dereva wa boda boda ambaye machozi humtiririka akikata upepo wa Ahero anaweza kabisa kuwa na macho makavu.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Simu inatosha ukitaka, ila daftari halikuvuti kwenda kuangalia ujumbe.
- Vichupa viwili vya matone ya kulainisha, vya aina mbili tofauti (tazama hatua ya 1). Nunua kimoja kwanza.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au ya simu.
- Kioo kidogo, sabuni, maji safi ya kunawia na tishu.
- Utepe wa karatasi wa kubandika, na kalamu ya wino usiofutika.
- Mtu mmoja wa nyumbani mwenye subira. Utamhitaji hatua ya 7.

Usiweke kwenye orodha hii maziwa ya mama, asali, maji ya chumvi ya kujitengenezea, majani ya chai wala maji ya bomba. Vyote hivyo huingiza vijidudu jichoni, na jicho kavu halina ulinzi mzuri wa kuviondoa.

## Hatua ya 1: Soma kisanduku, achana na sifa za dawa

Mazungumzo ya duka la dawa huwa hivi:

"Daktari, nipatie dawa ya macho, yananichoma."

"Chukua hii, mama. Hii ni kali."

Matone ya kulainisha hayahitaji ukali wowote. Kazi yake ni kukaa juu ya jicho na kuziba pengo la machozi. Ukiambiwa dawa ni kali, geuza kisanduku usome kilichomo kabla ya kutoa pesa.

Unachotafuta. Jina la kiungo hai, yaani dawa yenyewe inayofanya kazi, huandikwa kwa herufi ndogo, pamoja na asilimia yake.

Matone mepesi yatakuwa na carboxymethylcellulose ya 0.5%, hypromellose ya 0.3%, au polyvinyl alcohol ya 1.4%. Haya hayatii ukungu sana machoni, lakini huisha upesi. Sodium hyaluronate, mara nyingi ya 0.1% hadi 0.3%, hushika maji na kwa watu wengi hudumu kidogo zaidi. Mazito ni kama carboxymethylcellulose ya 1% au jeli ya carbomer: hukaa muda mrefu ila utaona ukungu kwa dakika kadhaa, kwa hiyo usitie kabla ya kuendesha pikipiki.

Kundi la mwisho ni matone yenye mafuta. Machozi yana tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, kama mafuta yanavyoelea juu ya supu, na ndilo linalozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizo ukingoni mwa kope. Tezi zikiziba, machozi yapo lakini yanakauka kabla hujapepesa tena. Mtu wa namna hiyo anaweza kutia matone mepesi kutwa nzima na asipate nafuu ya maana, ilhali yenye mafuta yakamtosha.

Unachokwepa. Rudisha kisanduku ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone. Hizo ni steroidi. Zinatuliza wekundu haraka sana, ndiyo maana watu huzisifu, lakini zikitumiwa kiholela zinaweza kupandisha presha ya macho, kuleta mtoto wa jicho na kuchochea kidonda cha virusi. Kwepa pia naphazoline na tetrahydrozoline, zinazobana mishipa ili jicho lionekane jeupe: ukiacha, wekundu hurudi mkubwa zaidi. Chloramphenicol na gentamicin ni za bakteria na hazilainishi chochote.

Kihifadhi. Vichupa vingi huwekwa dawa ya kuzuia vijidudu, na inayotumika sana ni benzalkonium chloride. Hiyo yenyewe hukera uso wa jicho ikitiwa mara nyingi. Ikiwa unajua utatia zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, yaani vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja, au kichupa chenye vali maalum. Bei yake ni ya juu. Kwa mtia mara nne tu, chenye kihifadhi kinavumilika, na ikiwezekana kiwe na kihifadhi kingine kisicho benzalkonium.

Muhuri na tarehe. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu kilichobandikwa ukutani, kichupa kikiwa na muhuri mzima. Mtu akikuuzia matone ndani ya matatu, mwache aendelee na safari yake. Mwaka 2023 Marekani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria sugu aina ya Pseudomonas aeruginosa uliohusishwa na machozi bandia: watu 81 waliugua katika majimbo 18, 14 wakapoteza uwezo wa kuona, wanne wakaondolewa jicho, na wanne wakafa. Yalikuwa matone ya kawaida yanayouzwa bila cheti cha daktari.

Wasomaji huniuliza aina gani ni bora kuliko zote. Mapitio makubwa ya Cochrane (mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba) yaliyotoka 2016 yalikusanya majaribio 43 ya machozi bandia, na kwa jumla hayakupata mshindi wa wazi. Yalionekana salama na yenye kusaidia kiasi, huku mengi yakikaribiana. Basi kinachobaki ni kujua yapi yanakaa vizuri kwenye jicho lako, na hilo hakuna anayeweza kulipima kwa niaba yako.

*Umefaulu hatua hii ikiwa* una kichupa kimoja chenye kiungo unachoweza kukitaja, na unajua cha pili kitakuwa na kiungo cha kundi jingine. Majina mawili ya biashara yenye kiungo kile kile na asilimia ile ile hayakupi jaribio la maana.

## Hatua ya 2: Wiki ya msingi, kabla ya tone lolote

Watu huiruka hatua hii kuliko zote, na ndiyo inayoharibu mengine yote. Usipojua macho yako yalikuwaje kabla, utalinganisha dawa na kumbukumbu, na kumbukumbu ya maumivu hudanganya.

Kila jioni saa moja, kwa siku saba, jipe alama kutoka 0 (hakuna kabisa) hadi 10 (siwezi kuvumilia) kwa mambo manne:

1. Kuchoma.
2. Kuhisi mchanga.
3. Ukungu unaokuja na kuondoka ukipepesa.
4. Kukatizwa kazi: ni mara ngapi ulilazimika kuacha kusoma, kushona, kuendesha au kuangalia simu kwa sababu ya macho.

Jumla ya kila jicho ni kati ya 0 na 40. Toa alama za jicho la kulia na la kushoto kando kando. Itaonekana kazi bure sasa, lakini hatua ya 7 haiwezekani bila hizo.

Pembeni andika hali ya siku kwa maneno machache: vumbi, moshi wa jikoni, feni usiku kucha, saa ngapi kwenye kompyuta, usingizi mbovu. Walio karibu na Muhoroni na Chemelil waandike pia siku miwa inapochomwa. Dawa nyingine unazokunywa ziandikwe. Piriton, kwa mfano, hukausha macho, na amitriptyline vilevile.

Ongeza kipimo kimoja cha saa. Keti mbali na feni na dirisha, pepesa mara mbili, kisha tazama mbele bila kupepesa hadi macho yaanze kukusumbua. Hesabu sekunde. Fanya mara tatu, uandike namba ya katikati. Ni kipimo kibutu, lakini hakikugharimu kitu, na mtu asiyefika sekunde kumi ana sababu ya kushuku ukavu.

Wiki hii usianzishe jambo lingine jipya: usinunue miwani mpya, usianze kukanda macho kwa taulo la moto, usihamishe kitanda chini ya feni. Yote hayo yanaweza kubadilisha macho, na ukiyaanza pamoja na matone hutajua lipi lilifanya kazi.

Kama ulikuwa unatumia matone mengine, yaache siku chache kabla ya kuanza kuhesabu. Kama huwezi kukaa bila matone hata siku mbili, ukavu wako ni mkubwa. Nenda ukapimwe kwanza.

*Umefaulu ikiwa* una alama za siku saba ambazo hazifanani zote. Alama zilizo sawa kila siku maana yake unaandika kwa mazoea.

## Hatua ya 3: Jifunze kutia tone

Nusu ya dawa "zisizofanya kazi" huishia shavuni.

Nawa mikono kwa sabuni. Inamisha kichwa nyuma au lala chali. Vuta ukope wa chini taratibu utengeneze mfuko mdogo. Shika kichupa juu yake, bila ncha kugusa jicho wala nywele za kope, kwa maana ikigusa kichupa kizima kimechafuka. Angalia juu, bonyeza, tone moja. Funga jicho polepole kama dakika moja, bila kulikamua.

Tone moja linatosha. Tone la kawaida ni kubwa kuliko kiasi ambacho jicho linaweza kushika, kwa hiyo la pili linamwagika lote.

Mkono ukitetemeka, au ukipepesa kabla tone halijafika, kuna njia ya walala chali: funga jicho, dondosha tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha fungua jicho ukiwa bado umelala chali. Tone litaingia lenyewe. Safisha kona hiyo kwanza, hasa asubuhi ikiwa una matongo.

*Umefaulu ikiwa* unahisi ubaridi kidogo, ukungu mfupi unaoondoka, na tishu yako imelowa kidogo tu. Mchomo wa sekunde mbili tatu unaweza kutokea. Ukichoma zaidi ya hapo kila unapotia, huenda kihifadhi hakikupendi. Andika, na usivumilie wiki tatu.

## Hatua ya 4: Wiki tatu za dawa ya kwanza

Andika tarehe ya kufungua juu ya utepe, ubandike kwenye kichupa. Vichupa vingi vyenye kihifadhi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Vile vidogo vya kutumia mara moja hutupwa siku ile ile. Vichupa vyenye vali huwa na muda wake mrefu zaidi, soma karatasi iliyomo.

Tia mara nne kwa siku, saa zile zile, macho yakiuma au yasiume: ukiamka, saa sita, saa kumi, na kabla ya kulala. Hapa ndipo wengi hushindwa. Ukitia tu wakati wa maumivu, unaipima dawa katika saa zako mbaya kuliko zote. Uso wa jicho uliokauka kwa miezi unahitaji muda wa kutulia, na siku mbili za matone haziwezi kuuonyesha.

Hesabu ya dawa inakwenda hivi: kichupa cha mililita 10 hutoa matone 200 hivi. Macho mawili mara nne kwa siku ni matone 8, na siku 21 ni matone 168. Kichupa kimoja kinatosha, na yanabaki ya kufidia yaliyoanguka shavuni. Kikiisha siku ya kumi na mbili, unabonyeza mara mbili kila unapotia.

Alama za jioni endelea kuziandika kabla ya tone la mwisho la siku. Ukiandika dakika tano baada ya kutia, utapima ubaridi wa tone.

Kichupa kisikae kwenye kiti cha boda, dashibodi ya gari wala dirishani. Kisanduku kitakuambia kiwango cha joto, mara nyingi chini ya nyuzi 25 au 30, na mchana wa Kisumu unafika huko bila shida. Kabati la chumba chenye kivuli linafaa. Kama utaweka cha kwanza kwenye friji kwa sababu kisanduku kinaruhusu, cha pili nacho kikae humo, maana ubaridi peke yake unapendeza jicho linalochoma na utakupa ushindi wa uongo.

Simamisha mara moja macho yakivimba, yakitoa usaha, yakiuma, au ukianza kuona vibaya na ukungu usiondoke. Nenda na kichupa chenyewe kliniki.

## Hatua ya 5: Soma daftari

Achana na wiki ya kwanza ya matone, ambayo ina furaha ya kitu kipya ndani yake. Chukua wiki ya tatu. Kwa kila jicho, toa wastani wa jumla zake saba, uulinganishe na wastani wa wiki ya msingi.

Kanuni yangu ni kwamba jumla ikishuka kwa theluthi au zaidi, dawa imefaa. Ikishuka kidogo tu, iweke kwenye orodha ya "labda". Kama haikushuka, au imepanda, imekataa, na usiipe nafasi nyingine kwa sababu tu ilikuwa ghali.

Angalia pia ni alama ipi iliyoshuka. Kama mchanga umepungua lakini ukungu umeongezeka, matone ni mazito mno kwa mchana. Yanaweza kukufaa usiku. Kama asubuhi ndiyo mbaya kuliko jioni, huenda unalala macho yakiwa wazi kidogo au feni inakupuliza, na unachohitaji ni marhamu ya macho ya paraffin kabla ya kulala, sio matone zaidi mchana.

Sasa rudi kwenye maelezo ya pembeni. Je, wiki ya tatu ilikuwa na mvua? Ulikuwa likizo? Mwalimu anayejaribu wakati shule zimefungwa ataipenda dawa yoyote, kwa kuwa chaki na kompyuta vimepumzika.

## Hatua ya 6: Dawa ya pili, msimu ule ule

Acha siku kadhaa bila matone, hadi alama zirudi karibu na zilipokuwa wiki ya msingi. Kisha rudia hatua ya 4 na 5 kwa kiungo cha kundi jingine, kwa saa zile zile.

Onyo kubwa ni la msimu. Januari na Februari Nakuru ni upepo na vumbi. Kuanzia Machi mvua za masika huosha hewa. Ukijaribu dawa ya kwanza Februari na ya pili Aprili, ya pili imeshashinda kabla hujafungua kifuniko. Panga majaribio yote mawili yaingie ndani ya kiangazi au ndani ya mvua. Haikuwezekana? Basi hatua inayofuata ndiyo mkombozi wako.

## Hatua ya 7: Jicho kwa jicho

Ifanye ikiwa tu dawa mbili zimekaribiana, au msimu umeharibu ulinganisho, kwa sababu inahitaji vichupa vipya na ni gharama. Inahitaji pia macho ambayo katika wiki ya msingi yalikuwa na alama zinazokaribiana. Kama la kulia lilikuwa 12 na la kushoto 27, ulinganisho hauwezi kuwa wa haki, tena tofauti kubwa namna hiyo ni sababu ya kupimwa.

Msaidizi wako afunge vichupa vyote kwa utepe wa karatasi, aandike A kimoja na B kingine, asikuambie kipi ni kipi. Usihamishe dawa kwenye chombo kingine hata kama vichupa havifanani. Badala yake funga macho ukiwa umelala chali, yeye adondoshe kwenye kona ya ndani, kisha ufungue. Mikono yake naye ioshwe.

Wiki ya kwanza A inatiwa kulia, B kushoto. Wiki ya pili mnabadilisha: A kushoto, B kulia. Alama za jioni ni kwa kila jicho.

Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba vumbi, moshi, usingizi na kompyuta vinayapata macho yote mawili siku ile ile, kwa hiyo haviwezi kupendelea dawa yoyote. Na wiki ya kubadilisha hukupa jibu safi. Nafuu ikihama pamoja na kichupa, ni kichupa. Ikibaki kwenye jicho la kulia wiki zote mbili, basi jicho la kulia ndilo lililo na afya zaidi na dawa zako zinalingana. Zikilingana, nunua ya bei nafuu bila kujilaumu.

Kwa nini kuficha majina? Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililowapa watu wenye macho makavu vidonge vya mafuta ya samaki aina ya omega-3 kwa mwaka mzima, na wengine wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Mtu anayetarajia kupona hujihisi vizuri, na kichupa cha bei ya juu huongeza matarajio. (Omena endelea kula, ni chakula kizuri. Usiingoje itibu macho.)

Usifanye hatua hii jicho moja likiwa na maambukizi. Na mkigundua mmechanganya A na B katikati ya wiki, anzeni wiki hiyo upya, msikisie.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kusema "nataka B" kabla msaidizi hajafungua utepe.

## Hatua ya 8: Ikiwa hakuna iliyofaa

Dawa mbili za makundi tofauti, zikitiwa sawasawa kwa wiki tatu kila moja, zisipokusaidia, acha kununua ya tatu. Shida huenda iko mahali ambapo tone halifiki: tezi za mafuta zilizoziba, mzio, kope zisizofunga vizuri, au ugonjwa wa mwili. Mdomo ukikauka pamoja na macho na viungo vikiuma, mwambie daktari mambo yote matatu kwa pamoja. Wanawake waliokoma hedhi nao hukaukwa macho zaidi, na si jambo la kuona haya kulitaja.

Huku kwetu kuna kliniki za macho kwenye hospitali kubwa za rufaa, Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu na ile ya kaunti Nakuru, na kwa watu wa Vihiga na Kakamega ipo Hospitali ya Macho ya Sabatia. Beba daftari, vichupa vyote ulivyojaribu na orodha ya dawa unazokunywa.

Wanaweza kukuwekea kipande cha karatasi maalum kwenye ukope wa chini kwa dakika tano, wapime machozi yamelowesha milimita ngapi. Chini ya milimita 5 ni ukavu mkubwa. Wanaweza pia kukutia rangi ya fluorescein, wahesabu sekunde hadi tando la machozi lipasuke, na chini ya sekunde 10 kwa kawaida huhesabiwa kuwa tatizo. Asubuhi ya siku hiyo usitie matone yoyote ya kulainisha isipokuwa umeelekezwa hivyo, ili wapime machozi yako na si ya kichupa. Dawa za presha ya macho, ikiwa umeandikiwa, zitie kama kawaida.